Suruali Ndefu ya Runji

Katika watoto wote wa chekechea pale Karurumo, Runji peke yake ndiye aliyevaa suruali ndefu kila siku ya Mungu. Jua liwake, vumbi litimke, wenzake wakimbie na kaptula zao, yeye suruali yake ilifika kwenye visigino. Waliouliza sababu walijibiwa na nyanya yake kwamba mtoto huyu ana baridi ya mifupa.

Nelius, dada yake, alijua kilichokuwa chini ya suruali hiyo. Ndiye aliyemwosha kila asubuhi, baada ya kukama mbuzi na kuinjika uji. Alimsimamisha kwenye jiwe nyuma ya jikoni, akammwagia maji ya vuguvugu na kumsugua polepole kama mtu anayeosha yai. Miguu ya Runji ilijaa madoa ya zambarau, mengine mapya, mengine yakianza kugeuka manjano. Hakuna aliyempiga. Akiegemea tu ukingo wa kitanda, kesho yake doa lilikuwa pale.

"Hili ni jipya," Nelius alisema asubuhi hiyo, akigusa goti lililovimba. "Ulifanya nini?"

"Nilipiga magoti kanisani."

"Kila mtu alipiga magoti."

"Mimi niliomba sana," Runji alijibu. "Niliomba baiskeli."

Nelius akacheka ingawa hakutaka. "Na goti likikuuma shuleni, utamwambia nani?"

"Wewe. Si watu," Runji alisema. Nyanya ndiye aliyemfundisha jibu hilo, naye alilijua kuliko wimbo wowote wa darasani.

Mama yao aliwalea watoto wake katika boma alilozaliwa, kwa hiyo majina yao yalitoka upande wa nyanya. Nelius alipewa jina la nyanya mwenyewe, Ruguru. Kwa sababu hiyo wawili hao walitaniana kama watu wa rika moja. Nyanya alimwita wajina, na Nelius aliweza kumwambia maneno ambayo mtoto mwingine angeyasema angechapwa. Kaka yao mkubwa aliitwa Kithaka. Hilo lilikuwa jina la ndugu ya Mama, aliyefariki akiwa kijana. Mtoto alipewa ili jina la mjomba wake lisipotee.

Lakini Kithaka wa pili naye alikufa. Alikuwa akicheza mpira wa matambara pale uwanjani, akagongana kichwa na mwenzake. Mwenzake aliinuka akajipangusa vumbi. Kithaka naye aliinuka, akamtania kwamba ana kichwa cha kondoo, wakaendelea kucheza. Jioni kichwa kilianza kumuuma. Asubuhi hakuweza kusimama.

Nelius alikuwa mdogo wakati huo. Aliketi kwenye benchi la zahanati, miguu yake ikining'inia bila kufika sakafuni. Alimwona muuguzi akiyatazama madoa mwilini mwa Kithaka, akamsikia akiuliza, "Nyanya, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma?"

"Hakuna," Nyanya alijibu. Jibu lilitoka upesi, kama mlango unaofungwa na upepo.

Kithaka alirudi nyumbani ndani ya jeneza.

Baada ya mazishi, wanawake waliokuwa wakimwita Mama yao Mama Kithaka walianza, mmoja mmoja, kumwita Mama Nelius. Walifanya hivyo kwa huruma. Mama aliitika, ila kila mara alichelewa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Runji alizaliwa mwaka uliofuata, na Nyanya akakata shauri. Mkosi ulikuwa katika jina. Wote wawili walioitwa Kithaka walikufa mapema, basi mtoto huyu asipewe jina lolote la ukoo. Akaitwa Runji, jina la jirani yao mwenye pikapu aliyeuza majani ya ng'ombe, mtu asiyehusiana nao kwa lolote. Mkosi ukija kumtafuta mjukuu wa Ruguru, utakuta mgeni na kwenda zake. Jina la Kithaka likapigwa marufuku katika boma lile. Hata picha yake ya shule iligeuzwa ikatazama ukuta.

Ndiyo maana hakuna aliyempeleka Runji hospitali kwa ajili ya yale madoa. Jina lilikuwa ndiyo dawa yake. Na mtu aliyekwisha kupata dawa hatafuti nyingine.

*

Wiki hiyo Mwalimu Gitobu alifundisha somo la sayansi kwa namna aliyoipenda, yaani kwa kuwafanya wanafunzi wachekane. Aliwaambia watazamane masikio. Wengine ndewe zao zilining'inia, wengine zimeshikana na shavu. Darasa zima likageuka soko.

"Tulieni sasa," alisema. "Hayo masikio hamkuyanunua. Mwili wako umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Karibu kila seli ina uzi mwembamba usioonekana kwa macho, na juu ya uzi huo yameandikwa maagizo ya kukujenga wewe: masikio haya, pua hii, damu hii. Uzi huo ndio DNA. Maagizo yako yote, ukiyakusanya pamoja, yanaitwa jenomu. Nusu ulipewa na mama, nusu ukapewa na baba."

Kaimenyi, mcheshi wa darasa, akainua mkono. "Mwalimu, mimi uvivu nimeurithi kwa baba."

"Uvivu haumo kwenye uzi, Kaimenyi. Huo umejitafutia mwenyewe."

Walicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza. Nelius peke yake hakucheka. Aliinua mkono nusu, akaushusha, kisha akauinua tena.

"Mwalimu, mtu akipewa jina la mtu mwingine, hayo maagizo yanafuata jina?"

"Basi mimi niitwe Mwalimu Mkuu," Kaimenyi alisema, "nianze kuwachapa."

Mwalimu Gitobu alimtazama Nelius, akaona kwamba swali halikuwa mzaha. "Hapana, Nelius. Jina unapewa ukiwa umekwisha kuzaliwa. DNA ilikuwa ndani yako kabla hujaitwa chochote. Mtu akikubadilishia jina kila mwezi, maagizo yatabaki yale yale."

"Na ugonjwa?"

"Yako magonjwa yanayotokana na kosa dogo katika maagizo hayo. Kosa hilo huweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, hata kama mzazi mwenyewe ni mzima kama ng'ombe dume."

Nelius aliketi. Mwalimu aliendelea kufundisha, lakini yeye aliona midomo tu ikienda. Alikuwa akiwaza magoti ya Runji.

*

Jumamosi alimkuta Nyanya uani, ameketi juu ya gunia akichambua mbaazi. Alijitupa kando yake na kuanza kumsaidia.

"Leo wajina wangu hana utani," Nyanya alisema baadaye. "Au umepata mchumba ukanificha?"

"Nyanya, mjomba alikufa vipi? Yule wa kwanza?"

Mikono ya Nyanya ilisimama. Kuku alikuja akadonoa mbaazi kwenye ungo, wala hakumfukuza.

"Alitahiriwa pamoja na wenzake," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wenzake walipona. Yeye alitoka damu siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine tena. Nilimbadilishia shuka mpaka shuka zikaisha. Alikuwa akiniambia, 'Mama, usiogope.' Yeye ndiye aliyenipa moyo mimi."

"Watu walisema nini?"

"Watu husema nini? Walisema boma hili limelaaniwa. Mama yako na mama yako mdogo Veronicah walikuwa wasichana wakati huo. Ukitangaza kwamba nyumba yako ina damu mbovu, nani atakuja kuchumbia? Nilifunga mdomo."

"Hata kwa Kithaka wetu? Muuguzi alipouliza?"

"Usilitaje hilo jina." Nyanya alimshika mkono kwa nguvu. "Nisikilize. Veronicah ameolewa Nkubu, kwa watu wazuri, na sasa ana mtoto wa kiume. Neno hili likifika kule, atarudishwa hapa na mtoto mgongoni. Unataka hivyo?"

Nelius alitikisa kichwa. Nyanya huyu ndiye aliyemfunza methali, na mojawapo ilikuwa ile ya mficha maradhi ambaye kilio humfichua. Alikuwa akiwaambia majirani waliokohoa. Nelius alitaka kumkumbusha, lakini aliona machozi yamesimama katika macho ya mzee, akainamia mbaazi.

*

Kesho yake, baada ya ibada, jino la Runji liling'oka. Lilikuwa limelegea kwa siku kadhaa, naye alipong'ata muhindi wa kuchoma likatoka. Alifurahi sana. Alilitupa juu ya paa la jikoni, kama wanavyofanya watoto wote, akaomba aletewe jipya lenye nguvu. Alitabasamu na pengo lake huku damu ikimchuruzika kidevuni.

"Sukutua maji ya chumvi," Mama alimwambia.

Alisukutua. Damu ikaendelea. Nyanya alimwekea pamba, pamba ikalowa. Wakampa nyingine. Jua lilipoinama, beseni lilikuwa jekundu, naye Runji alikuwa ameacha kucheza. Usiku Mama hakulala. Kulipopambazuka midomo ya mtoto ilikuwa imepauka kama jivu, na alipoitwa alifumbua macho taratibu.

"Nimechoka, Nelius," alisema. "Liambie jino lirudi."

Mama alisimama. Tangu siku ile ya zahanati alikuwa amemwachia Nyanya kuamua kila kitu, lakini sasa hakumtazama usoni. "Nelius, kimbia kwa Mzee Runji. Mwambie wajina wake anakufa."

Mzee Runji hakuuliza swali. Alimwaga chini majani yaliyokuwa kwenye pikapu, akampakia mtoto mbele pamoja na Mama; Nyanya na Nelius wakapanda nyuma. Walipofika hospitali kubwa mjini, yeye ndiye aliyembeba mtoto hadi ndani, shati lake likitapakaa damu.

Aliyewapokea alikuwa daktari mwanamke, mwembamba, aliyesema jina lake ni Nkirote. Alimvua Runji ile suruali ndefu. Aliitazama miguu. Kisha akamgeukia Nyanya kwa adabu.

"Nyanya, nisaidie niharakishe. Katika familia yenu kuna mtu mwingine aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma? Mjomba, ndugu, mtoto yeyote?"

Nelius aliwahi kulisikia swali hilo akiwa kwenye benchi la zahanati. Safari hii miguu yake iligusa sakafu.

"Hakuna," Nyanya alisema.

Mama alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Nelius aliwatazama, akamtazama Runji kitandani, akamwona Kithaka akimtania mwenzake kwamba ana kichwa cha kondoo. Akamfikiria mama yake mdogo Veronicah, akirudishwa na mtoto mgongoni. Akasogea mbele.

"Nyanya, mimi pia ni Ruguru," alisema. "Wewe usiposema, mimi nitasema kwa jina lako."

"Nyamaza, mtoto."

"Daktari, wako wawili. Mjomba alitoka damu alipotahiriwa, akafa. Kaka yangu aligongwa kichwa mpirani, akafa. Wote waliitwa Kithaka. Na huyu ana madoa tangu alipoanza kutambaa."

Daktari hakungoja zaidi. Alimwita muuguzi, akataja dawa, damu ikachukuliwa kwenda maabara. Watu wengi waliingia na kutoka. Nyanya alibaki amesimama katikati yao, leso ikiwa mdomoni, kama mtu aliyeshushwa mahali asipopajua.

*

Damu ya Runji iliacha kutoka mchana huo, baada ya kudungwa dawa mshipani. Alilala, akaamka akaomba chai. Daktari Nkirote aliwaita Mama, Nyanya na Nelius wakaketi kando ya kitanda.

"Mtu akikatwa," alianza, "damu ina vibarua wengi wa kuziba tundu. Wanapangana mstari, mmoja anampa mwenzake kazi. Kwa Runji kibarua mmoja haji kazini, kwa hiyo mstari unakatika. Ugonjwa huu unaitwa hemofilia. Dawa tuliyompa ni kama kuazima kibarua kutoka kwingine. Ugonjwa hautaisha, lakini akitunzwa atakua, atasoma, ataoa."

"Na aliupata wapi?" Mama aliuliza.

"Katika DNA yake kuna kosa dogo, mahali panapoagiza kibarua huyo atengenezwe. Wanawake wana nakala mbili za mahali hapo. Moja ikiwa na kosa, nyingine husaidia, na mama huenda asijue chochote maisha yake yote. Mwanamume ana nakala moja tu, ile aliyopewa na mama yake. Akipewa yenye kosa, hana nyingine."

Nyanya aliisikiliza kila silabi. "Kwa hiyo si jina."

"Si jina, nyanya. Si laana, wala hakuna aliyewaroga."

"Ni mimi," Nyanya alisema. "Nilimpa mwanangu. Nikampa huyu binti, akampa wanawe."

"Hukuchagua. Hakuna mzazi anayechagua ni uzi gani wa kumpa mtoto. Hilo si kosa lako."

Nyanya aliitikia kwa kichwa, polepole. "Hilo si langu. Lakini kunyamaza kulikuwa kwangu. Yule muuguzi aliniuliza kama ulivyoniuliza wewe. Kama ningemjibu, je?"

Pengine Daktari alitafuta uongo mzuri, akauacha. "Pengine angempeleka hospitali kubwa siku ile ile. Pengine dawa ingemwahi. Sijui, nyanya. Lakini angekuwa na nafasi."

Mama alitoa sauti ambayo Nelius hakuwahi kuisikia kwa mtu. Alijikunja juu ya magoti yake, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya mazishi. Nyanya alinyoosha mkono kumgusa, akaurudisha, akaunyoosha tena. Hatimaye Mama aliushika.

Nelius aliwaangalia, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

"Na wewe huenda umeibeba nakala yenye kosa, huenda hukuibeba," Daktari alisema. "Ni kama kurusha shilingi juu. Ukikua utapimwa, uamue mambo yako ukijua. Ila jambo moja nawaambia nyote. Mnapokuja hospitali, msituletee mgonjwa peke yake. Leteni na habari za ukoo. Ugonjwa wa kurithi daktari hawezi kuuona wote kwa mtoto mmoja. Nusu yake iko kwenye makaburi nyumbani. Mkituficha hiyo nusu, mnatufunga kitambaa machoni, kisha mnatuomba tutibu."

Alipokuwa akiondoka, alisimama mlangoni. "Mama ana dada?"

Nyanya alifumba macho. "Yuko mmoja," alisema. "Nkubu."

*

Runji alipopata nguvu, Nyanya na Nelius walikwenda Nkubu. Nyanya alivaa leso yake ya kanisani, akabeba mbaazi na ndizi, maana mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Njiani hakutania hata mara moja.

Veronicah aliwapokea kwa furaha iliyopauka. Alikuwa amekonda. Mume wake, Mutegi, aliwasalimu kwa heshima lakini hakuketi karibu na mke wake. Mtoto wao, Mutwiri, alitambaa juu ya mkeka, amevalishwa soksi ndefu mpaka mapajani, na jua lilikuwa kali. Nelius aliziona soksi hizo, akaikumbuka suruali ya Runji.

Nyanya alikataa chai. "Nitakunywa nikimaliza," alisema. "Kama bado mtataka kunipa."

Kisha akasema yote. Alilitaja jina la Kithaka, wa kwanza na wa pili, mbele ya mkwe wake, na kila alipolitaja alisimama kidogo kuvuta pumzi. Alieleza habari za uzi na kosa dogo. Akamaliza kwa kusema, "Niliwaficha ninyi jambo hili ili mwanangu Veronicah aolewe. Yeye hakujua kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Kama kuna wa kulaumiwa, nimekuja mwenyewe, nimeketi hapa."

Mutegi aliinama akitazama mikono yake. Aliposema, hakumwambia Nyanya.

"Majirani waliniambia unamfinya mtoto," alimwambia Veronicah. "Walisema mama mwenye uchungu hufinya mtoto mahali pasipoonekana. Nami niliona alama. Nilianza kuwaamini."

"Nilijua," Veronicah alisema. "Ndiyo maana nilimvalisha soksi."

Mutegi alimwinua Mutwiri mkekani, akamvua soksi moja, halafu nyingine. Madoa ya zambarau yalikuwa pale, kama yale ambayo Nelius aliyaosha kila asubuhi miguuni mwa Runji. Mutegi aliyapitishia kidole kwa upole. Kisha akasogea na kuketi karibu na mke wake, bega kwa bega, akilia bila kuficha uso.

"Kesho tunakwenda hospitali," alisema, akamgeukia Nyanya. "Mama, kunywa chai sasa. Mtoto ni wetu na damu yake ni yetu."

Mutwiri alipimwa, na kosa lilikuwa lile lile. Lakini yeye alijulikana mapema. Kabla hajajifunza kukimbia, wazazi wake walikwisha kujua la kufanya akianguka.

*

Runji alirudi shuleni na kaptula. Daktari alitaka hivyo. Magoti yake yaonekane, mwalimu wake ajue, ili likivimba moja apelekwe upesi. Baiskeli hakuletewa. Alipoambiwa kwamba mpira wa kugongana hataucheza, alinuna wiki nzima, kisha akajiteua kuwa refa, akawafukuza uwanjani hata waliomzidi umri.

Jioni moja walikuwa wote uani wakichambua mbaazi zilizobaki. Nyanya alichukua punje moja, akaiweka kwenye kiganja cha Nelius.

"Wajina, hii ni nini?"

"Mbaazi, Nyanya."

"Nikiiita haragwe, nikaipanda, kitaota nini?"

"Mbaazi."

"Nimelima shamba hili maisha yangu yote, na hilo nilikuwa nikilijua," Nyanya alisema. "Kwenye udongo nililijua. Kwa watoto wangu nikadhani jina litageuza mbegu. Ukiwa na ugonjwa nyumbani, usiupe jina la uongo na usiufunge mdomo. Utaje, wenye ujuzi wausikie. Aibu niliyoiogopa haikumwua mtu. Kimya changu ndicho kilichoniachia kaburi."

Aliinuka kwa kujikongoja, akaingia ndani. Walimsikia akisogeza kitu ukutani. Alipotoka alikuwa na ile picha ya shule mikononi, akiipangusa vumbi kwa ncha ya leso yake. Kithaka alikuwa akicheka ndani yake, kola ya shati imekaa upande.

Alisimama mlangoni, akamtazama binti yake aliyekuwa ameinama juu ya ungo.

"Mama Kithaka," aliita.

Safari hii Mama hakuchelewa kuitika.